Usiende Lushoto

Jumamosi asubuhi soko la Ngamiani, Tanga, hufurika, hata ukikanyagwa hujui umlaumu nani. Lea alikuwa ameinama akichagua machungwa ya Muheza, gauni lake la maua ya samawati limebanwa kiunoni kwa mkanda mweupe, aliposikia sauti nyuma yake.

"Nipimie ratili mbili za mchele, tafadhali."

Aligeuka. Ile "tafadhali" ya kuvutwa mwishoni aliifahamu. Kila alipoinua simu katika duka la vitambaa alikouza, ndiyo iliyomwitikia kutoka mtambo wa simu wa posta: Namba, tafadhali.

"Kumbe Bwana Namba ni wewe," akasema.

Kijana huyo mrefu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, alimtazama kidogo kisha akacheka. "Na wewe ni duka la vitambaa. Nilidhani ni mama wa miaka hamsini."

"Kwa nini?"

"Kwa unavyonikaripia laini ikichelewa."

Jina lake lilikuwa Fanueli. Tangu siku hiyo, mwenye duka akienda kula, Lea aliinua simu bila kuwa na namba ya kuomba. Walitaniana, wakaitana mpenzi, wakapanga kukutana ufukweni Jumapili baada ya ibada. Mapenzi yao yalikua hivyo, nusu kwa macho na nusu kwa waya.

Kipupwe kilipoingia, baba yake Lea, Mzee Methusela, karani wa shamba la mkonge nje ya mji, alitangaza kwamba familia nzima itapanda Lushoto kwa shangazi Yudith, kupunga hewa na kutembea milimani. Lea alifurahi. Lakini alipomwona mama yake akikunja khanga mpya doti kwa doti sandukuni, akauliza ni za nani.

"Za kuvaa," mama akajibu, wala hakumtazama.

Asubuhi iliyofuata simu ya duka ililia.

"Lea, mpenzi," Fanueli alisema kwa sauti ya chini, "usiende Lushoto."

Habari ya safari Lea hakuwa amemwambia. "Nani kakwambia nakwenda?"

Laini ikakatika.

Ndani ya treni mpaka Mombo, na ndani ya basi lililopanda mlima likigeukageuka, Lea hakuacha kujiuliza. Fanueli ana mtu huko juu asiyetaka nimwone? Ana mke? Na alijuaje?

Shangazi Yudith aliwapokea kwa uji wa moto. Sebuleni alikuwapo mgeni mmoja, Bwana Ernesti, mgane aliyefanya kazi ya misitu, koti lake limefungwa vifungo vyote. Kila Lea alipoketi, shangazi alimsogezea mgeni huyo kiti karibu.

Kesho yake Lea aliaga kwamba anakwenda dukani, akaenda posta, akaomba simu ya Tanga.

"Namba, tafadhali."

"Sitaki namba. Nakutaka wewe. Ulijuaje?"

Fanueli alivuta pumzi. "Baba yako alipiga simu Lushoto kutoka ofisini kwake. Niliingia laini nione kama wamemaliza, nikasikia jina lako. Wanataka uposwe huko huko, Lea."

"Ulisikia mara moja?"

"Mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Ya pili nilikusudia."

"Na mimi je? Nikizungumza na watu wengine, unasikiliza?"

Alikawia kujibu, na kule kukawia kukamtosha Lea. Akaweka simu.

Siku iliyofuata familia ilitoka kwenda kwenye jabali la Irente. Miti iliyopandwa enzi za Wajerumani ilikuwa ikipukutisha majani, mekundu na ya manjano kama bizari, yakiteleza chini ya viatu kwa umande. Baba, mama na shangazi walitangulia kwa makusudi. Lea, sweta lake la kijivu amelivuta mpaka kidevuni, akabaki nyuma na Ernesti.

"Bwana Ernesti, umeambiwa mimi nimekubali?"

Mwanamume huyo akasimama. "Baba yako alisema umefurahi sana. Si kweli?"

"Sikuulizwa."

Ernesti akatazama walikotangulia wazee. "Basi na mimi nimedanganywa," akasema polepole. "Mke wa kuletewa kama mzigo simtaki, dada. Nitamwambia baba yako mimi mwenyewe."

Akamwambia palepale juu ya jabali, kwa adabu, kisha akashuka peke yake. Mzee Methusela alimgeukia binti yake, uso umekunjamana.

"Nani alikupasha habari?"

Angemtaja Fanueli, kazi ingemtoka mikononi. "Khanga za mama, Baba. Na viti vya shangazi. Mimi si mtoto."

Mzee hakusadiki. Lakini alipomwona mkewe ameinamisha kichwa, hakuendelea. Waliteremka, kila mmoja akimwangalia mwenzake kwa pembe ya jicho.

Waliporudi Tanga, Lea hakuinua simu tena ila kwa kazi, na namba aliitaja kwa ukavu. Wiki zilipita. Siku moja sauti nyingine ikaitikia. Mchana ule Fanueli aliingia dukani kwa miguu yake, amekonda, kofia mkononi.

"Nimeomba nihamishwe. Siku hizi nauza stempu."

"Nani kakufukuza?"

"Hakuna. Nilikuwa natamani kusikiliza kila ukizungumza na mtu, nikaona nitageuka mwizi kabisa."

"Ulikwisha geuka," Lea akasema. Kisha, kwa sauti laini kidogo, "Kwa Baba umekwenda?"

"Kusema nini?"

"Yote. Asikie kwako."

Akaenda Jumapili, pamoja na mjomba wake. "Shikamoo, Mzee," akaanza, akaeleza bila kuficha. Methusela alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wewe ulisikiliza siri zangu, na sasa wataka na binti yangu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Mimi nilimficha binti huyo huyo," mzee akasema. "Sina mdomo wa kukuhukumu. Mwulize mwenyewe. Safari hii aulizwe."

Lea aliulizwa, akakubali. Lakini hata baada ya ndoa, alipokuwa akizungumza na mama yake jikoni na kusikia hatua uani, sauti ilimshuka yenyewe. Fanueli alilijua hilo, wala hakulalamika. Kila aliporudi, tangu barabarani, kabla hajalifikia lango, alikohoa kwa nguvu, akatulia kidogo, ndipo akapiga hodi.