Siku Kumi na Tisa za Kimya

Jumamosi saa sita, sokoni Thika, Rachael alikuwa kwenye foleni ya barafu kwa muuza samaki, gauni la kijani mwilini na kasha la plastiki mkononi. Nyuma yake alisimama kijana mwenye ovaroli ya bluu iliyojaa grisi.

"Sasa. Na samaki wako wapi?"

"Sina samaki. Ni seli za utafiti. Friji ya maabara imekufa, na zikipata joto kazi yangu ya miaka miwili imeenda."

"Basi umepata mtu. Mimi ni Mutisya, fundi wa friji, mtaa wa Landless."

Friji ikapona. Seli zikapona. Aliyekataa kupona ni Mutisya. Alipiga simu asubuhi, saa nne, mchana na jioni: "Umekula, malkia?" Rachael, chumbani kwake mtaa wa Kimbo, alicheka peke yake mpaka majirani wakazoea.

Siku Rachael alipoeleza utafiti wake mbele ya watu chuoni, Mutisya alikuja na tai ya kuazima. Alipanga baadaye amwombe ruhusa ya kwenda kujitambulisha kwa mama wa Rachael.

"Seli ina vipokezi, vya kupokea ujumbe," Rachael alisema. "Ujumbe ukizidi bila kupumzika, seli huviondoa na kuvificha ndani. Haisikii tena."

Hapo simu ya Mutisya ikatetemeka. Friza ya mteja wa Ruiru ilikuwa imezima na nyama inayeyuka, ikabidi atoke. Njiani akahesabu simu alizompigia Rachael wiki hiyo: thelathini na moja. Mwanaume mzima akaona haya.

Akaacha kupiga simu. Rachael naye, kwa kiburi chake, akangoja. Wajinga wote wawili, na walipendana kweli.

Siku ya kumi na tisa, Rachael alivaa lile gauni la kijani akaenda Landless. Alimkuta Mutisya kichwa kikiwa ndani ya friji.

"Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Si ulisema ujumbe ukizidi seli hujificha? Nikajua unaniambia kwa adabu."

Rachael akakalia kreti. "Kwani ulitoka saa ngapi?"

"Hapo kwa kujificha. Kulikuwa na nyama Ruiru."

"Ngai, Mungu wangu, Mutisya. Hukusikia nusu ya pili. Seli ikinyimwa ujumbe, inatoa vipokezi vingi kuliko mwanzo. Hata ujumbe kidogo tu unaishtua. Juzi mtu wa bima alinipigia, nikatoka bafuni mbio na sabuni machoni."

Mutisya hakucheka. Alifuta mikono kwa kitambaa, akatoa simu, akapiga. Ya Rachael ikalia mkobani, hatua mbili kutoka kwa Mutisya. Akaipokea.

"Umekula, malkia?"

"Sijakula vizuri siku kumi na tisa."

"Na nikikuja Jumapili kuongea na mama yako, atanipokea?"

Rachael alijifuta machozi kwa kiganja, simu bado sikioni.

"Kuja. Uvae ile tai. Na safari hii ukae mpaka mwisho."