Ndama wa Chebunyo na Vibuyu vya Senge

Kila asubuhi Fancy alikamua ng'ombe wawili kabla ya chai, na kila asubuhi alimchosha senge wake kwa maswali. Senge ndivyo Wakipsigis wanavyomwita shangazi, ndugu wa baba. Jumamosi hiyo, ng'ombe wa kwanza hajaisha kukamuliwa, Fancy alikuwa ameshauliza kwa nini maziwa ya jioni ni mazito, na nani aligundua kwamba mkaa wa mti wa senetwet unafaa kusugulia kibuyu.

"Wewe mtoto, hata ng'ombe amechoka kukusikiliza!" senge alicheka. "Maliza haraka, twende Longisa."

Siku yenyewe haikuwa ya mchezo. Dada yake Fancy, Chepkemoi, alikuwa anaposwa, na wageni wa upande wa bwana harusi walitarajiwa nyumbani kwa babu, huko Longisa, saa sita mchana. Senge ndiye aliyepewa kazi ya mursik, yale maziwa yanayogandishwa ndani ya kibuyu. Alikuwa na vibuyu kumi na viwili, kila kimoja kimefunikwa kwa ngozi tangu juma lililopita, na havikutakiwa kufunguliwa mpaka mbele ya wageni. Kwa hilo babu hakuwa na mzaha hata kidogo. Kibuyu kilichofunguliwa njiani alikirudisha jikoni wakanywe watoto, na aliyekileta akabaki na aibu yake.

Waliondoka Sotik kwa pikapu ya Omollo, jirani yao muuza kabichi, ambaye mtaa mzima ulimwita Baba Akello. Wao watatu walikaa mbele. Vibuyu vilikuwa nyuma chini ya turubai, vimezungushiwa nyasi kavu visigongane.

Walipoupita mji wa Bomet tu, konstebo mmoja kijana akawanyoshea mkono wasimame.

"Fungueni hiyo turubai. Nataka kupekua."

Juma hilo hilo Fancy alikuwa amesoma somo la haki za raia. Akachomoza kichwa dirishani, sauti juu.

"Huwezi, afande! Mwalimu Kipruto alisema polisi hapekui mali ya mtu bila kibali cha mahakama!"

Lo! Baba Akello alifumba macho. Senge akamfinya Fancy paja, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

"Ati nini?" konstebo alikunja uso. "Basi wekeni gari kando. Mtakaa hapo mpaka mjue heshima."

Wakakaa. Saa nne ikapita, ikawa saa nne na nusu. Jua likaanza kulipiga turubai, na Fancy akawa anawaza mursik ikipata joto huku wageni wa dada yake wakiwa njiani.

"Senge, kwani nimekosea wapi?"

"Mambo ya sheria mimi siyajui. Lakini adabu umeikosa. Mtu mzima hapigiwi kelele vile."

Fancy alishuka taratibu, akamwendea sajini mwanamke aliyekuwa amesimama karibu na gari la polisi. Kwenye sare yake palikuwa na jina Dorine.

"Samahani, madam. Nilimpigia afande kelele. Lakini naomba kuuliza, si ni kweli lazima awe na kibali?"

Sajini Dorine alimtazama, akatabasamu. "Umechukua nusu ya somo ukakimbia nayo. Nikitaka kupekua nyumba ya mtu, kwa kawaida nahitaji kibali, maana nyumba haihami. Gari nalo lina magurudumu. Nikirudi na karatasi ya mahakama, si litakuwa limeshafika Narok? Kwa hiyo sheria inaniruhusu kulipekua bila kibali, mradi niwe na sababu ya kushuku kwamba limebeba kitu cha wizi. Bila sababu, sina ruhusa."

"Na leo sababu ni nini?"

"Swali zuri. Konstebo Robert, uliwaambia?"

Konstebo alikohoa kidogo. "Bado, madam." Akawageukia wenye gari, akawaonyesha kitambulisho chake cha kazi. "Kuna ndama ameibwa Chebunyo. Walioona wanasema alipakiwa kwenye pikapu nyeupe."

Pikapu ya Baba Akello ilikuwa nyeupe pepepe.

"Si ungesema hivyo tangu mwanzo!" alisema Baba Akello, naye akafungua turubai mwenyewe.

Ndama hakuwepo. Palikuwa na nyasi na vibuyu, basi. Fancy alishusha pumzi. Lakini Konstebo Robert, ambaye alihamishiwa huku mwezi uliopita na hajawahi kuona vibuyu vya namna hiyo, aliinua kimoja akakitikisa karibu na sikio.

"Hebu fungua hiki nione. Na vile vingine vyote."

"Uuwi!" senge alishika kichwa.

Fancy alitaka kupiga kelele tena. Akajizuia, akasimama wima.

"Afande, naomba kuuliza. Ndama huyo ana umri gani?"

"Miezi minne."

"Anaweza kuingia humo?"

Baba Akello aligeuka upande akajifanya anakohoa. Konstebo aliangalia shingo nyembamba ya kibuyu.

"Kuna kitu kingine unachoshuku?" Sajini Dorine alimuuliza. "Umesikia harufu ya pombe? Kuna mtu amekuambia jambo?"

"Hapana, madam. Nilitaka tu kujua kuna nini."

"Kirudishe. Kutaka kujua si sababu ya kufungua mali ya mtu. Tulikuwa tunatafuta ndama, na tumeangalia pale ambapo ndama angeweza kukaa. Hayupo. Kazi yetu hapa imeisha."

Konstebo alikirudisha kwa mikono miwili. "Samahani, mama."

"Si ungeniuliza tu, mwanangu," alisema senge, naye akamweleza mursik inavyotengenezwa, mkaa na yote, huku Fancy akidakia kila neno.

Walifika Longisa zikiwa zimebaki dakika kumi wageni waingie. Babu alikagua vifuniko kimoja kimoja, vyote kumi na viwili, akaridhika. Baba Akello hakungoja chai ndipo asimulie.

"Kumbe ni Fancy aliyeviokoa!" alisema babu.

Fancy aliona haya. Angeweza kunyamaza tu, asifiwe. "Babu, nusura niviharibu. Nilimpayukia polisi jambo nililolijua nusu, tukacheleweshwa. Baadaye ndipo nikauliza vizuri."

Babu alimvuta karibu. "Sikiliza, mjukuu wangu. Sheria imewawekea polisi mipaka, na wewe pia imekuwekea. Ukijua upande wako peke yake, bado hujaijua. Uliza, tena kwa heshima, mpaka ujue pande zote mbili."

Nje, wageni walikuwa wakiingia langoni wakiimba. Babu alichukua kibuyu cha kwanza, na badala ya kumpa senge kama ilivyokuwa desturi ya nyumba hiyo, akamkabidhi Fancy.

"Umesema ukweli hata pale ulipokosea," alisema. "Nenda, uwamiminie wageni wa dada yako."