Kompyuta Aliyoichagua Profesa

Kila asubuhi nilifagia, nikampa baba mkwe dawa zake, kisha nikakaa mezani na kuvaa spika za masikioni. Kazi yangu ni kuandika mikutano. Ofisi hunitumia sauti zilizorekodiwa, nami huzigeuza kuwa maandishi. Nikimaliza, ilikuwa zamu ya Baba kwenye kompyuta.

Baba aliendesha malori maisha yake yote, mpaka kiharusi kikamwondolea upande wa kulia. Mkono wa kushoto nao ukaanza kukakamaa kwa kukaa bure. Mhudumu wa mazoezi akasema vidole vifanyishwe kazi, basi tukamwekea gemu la lori. Alipanda milima akiyatukana magari mengine, nami nikicheka mpaka machozi.

Kompyuta ile ilipokufa, nilitaka kwenda kwa jirani yetu, fundi wa kompyuta. Mume wangu akakataa.

"Kaka yupo," alisema. "Tukimruka ataona tumemdharau."

Kaka yake tunamwita Profesa. Hajasomea kompyuta hata siku moja. Ana jibu la kila swali, basi. Nikampa akiba yangu yote atununulie nyingine, na hilo ni kosa langu mwenyewe.

Akarudi kifua mbele.

"Shemeji, hii ndiyo mashine! Soma stika hapa. Memori kumi na sita! Na ona kibodi inavyowaka taa."

"Umeijaribu?"

"Nijaribu nini? Muuzaji ni mtu wangu."

"Risiti je?"

"Aa, shemeji bwana! Mtu wangu nimdai risiti?"

Taa ziliwaka kweli. Mengine yote yalikuwa balaa. Feni ilinguruma kutwa. Nilimaliza sentensi nzima ndipo herufi zianze kutokea. Ukichomoa chaja, inazima kabla hujafika nusu ukurasa. Nilichelewesha mkutano wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ofisi ikampa kazi mtu mwingine. Waliniandikia mistari miwili tu, tena kwa adabu.

Kilichoniuma zaidi ni Baba. Lori lake liliganda mlimani. Alibonyeza, akabonyeza tena. Kisha akautoa mkono kwenye kibodi, akauweka mapajani.

"Na huu nao umekufa," alisema.

Nilimwambia ni kompyuta, si mkono. Hakuniamini. Alikaa wiki tatu akitazama ukuta, vidole vikizidi kukakamaa.

Nikaibeba kompyuta kwa fundi bila kumuaga mtu. Fundi ni mwanamke wa makamo, hana maneno mengi. Alifungua mipangilio, kwenye maelezo ya kompyuta yenyewe, akanigeuzia kioo.

"Soma mwenyewe, jirani. Memori ngapi?"

"Nne."

"Stika inasema ngapi?"

"Kumi na sita."

Akavuta droo, akatoa karatasi nzima ya stika zinazong'aa. "Hizi zimejaa kama njugu. Unataka ipi? Naweza kukubandikia hata kwenye pasi."

Sikucheka. Nilikuwa na hasira za kutosha kuchemsha maji.

"Turudi mwanzo," alisema. "Kabla ya kuuliza kompyuta gani, uliza kazi gani. Wewe unafanya nini?"

"Naandika kutwa. Mzee anacheza gemu lake la lori."

"Basi huhitaji taa. Unahitaji kibodi inayobonyezeka vizuri na betri inayokaa. Memori isipungue nane. Ukipata kumi na sita, chukua. Hifadhi iwe ya SSD, siyo ile diski ya zamani inayozunguka. Hiyo peke yake itakupunguzia kusubiri."

"Na gemu? Profesa anasema lazima kadi kubwa ya picha."

"Kwa gemu kubwa, sawa. Kwa gemu dogo la mzee, uwezo wa picha uliomo ndani ya prosesa ya miaka ya karibuni unatosha. Lakini usiniamini mimi. Lifungue gemu palepale dukani uone. Andika kurasa mbili. Chomoa chaja, ukae nusu saa. Na bila risiti na dhamana ya maandishi, ondoka."

"Hii nairudishaje?"

"Una karatasi gani mkononi?"

Sikuwa na hata moja.

Nilipomweleza mume wangu, alishusha sauti. "Usimwambie kaka. Ataaibika."

"Na mimi niliyepoteza kazi?"

Akaenda kuoga.

Niliuza cherehani yangu. Safari hii niliingia dukani mwenyewe. Nilifungua mipangilio, nikasoma. Nikabonyeza kila herufi. Nikachomoa chaja, nikalianzisha gemu, nikakaa.

"Mama, hapa si kwako," muuzaji alilalamika.

"Ndiyo maana nakaa," nikamjibu. "Nikishafika kwangu nitakuwa nimechelewa."

Ofisi ilinirudishia nusu ya kazi. Nusu nyingine imekwenda. Baba naye alikataa kugusa kibodi siku mbili. Siku ya tatu mimi mwenyewe nilikiweka kidole chake kwenye kitufe. Lori likapanda mlima bila kukwama. Aliutazama mkono wake, akalia, akaendelea kubonyeza. Mhudumu wa mazoezi anasema sasa vidole vinakunjuka.

Jumapili iliyopita Profesa alikuja na wageni wawili. Alimkuta Baba yuko barabarani na lori lake la gemu, kompyuta kimya, haina hata joto.

"Mnaona?" aliwaambia wageni. "Familia hii bila mimi ingeibiwa. Kompyuta hii nimewachagulia mimi."

Nilimtazama mume wangu. Nilimpa muda wa kutosha. Alikuwa akitafuta kitu sakafuni.

Baba hakuyatoa macho barabarani. "Mwongo," alisema polepole. "Amechagua yeye." Akanielekezea kidevu.

Maneno hayo matatu yalitoka kwenye mdomo uliopooza nusu. Mume wangu ana mdomo mzima.