Vipimo Visivyo na Mwenyewe

Kila kitu dukani kilikuwa kimelowa, isipokuwa kile kitambaa.

Fundi alisimama mlangoni, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu, akakitazama. Dhoruba ilikuwa imeupiga mji siku tatu mfululizo. Bahari ilipanda barabara ya chini, ikaingia kila duka lenye kizingiti kifupi, na iliporudi kwake iliacha tope, mwani na mstari wa chumvi ukutani, usawa wa kiuno. Magauni ya watu yaliyokuwa yakingoja kuchukuliwa yalikuwa yamechujuka rangi. Pasi ilikuwa imelala kifudifudi chini ya kabati. Lakini juu ya meza ya kukatia, ambayo yenyewe ilikuwa imetota, palikuwa na kitambaa cha kijani kimekunjwa vizuri, kikavu, na kina joto la nguo iliyotoka kupigwa pasi.

Juu yake lilikaa daftari la vipimo, limefunguliwa. Bega kumi na nane. Mkono ishirini na saba. Kiuno thelathini. Urefu sitini. Gauni refu, vifungo saba mbele. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe kabisa, na ile saba yake yenye mkia. Mahali pa jina hapakuwa na kitu.

"Hii kazi tuliipokea lini?" akamwuliza binti yake.

Binti yake, msichana wa miaka kumi na saba ambaye mtaa mzima ulimwita Kijiti kwa wembamba wake, alikuwa anachota maji kwa sufuria na kuyamwaga nje. "Uandike mwenyewe halafu uniulize mimi? Uzee huo, mama."

"Uzee utakupata wewe na huo ulimi wako."

Mtu mwingine angekichukua kitambaa kile akakitupa baharini siku hiyo hiyo. Fundi huyu alikuwa na ugonjwa mmoja: kazi ikishaandikwa daftarini, lazima ishonwe. Na wiki ile alikuwa na sababu zaidi. Wateja walikuja mmoja mmoja kuangalia nguo zao, na hakuna aliyempa pole. Mwalimu wa shule ya jirani alimwambia mbele za watu kwamba afadhali angempa mbuzi lile vazi lake alitafune. Mwingine alitema mate kizingitini na kuondoka bila kuaga. Miaka ishirini ya jina zuri ilikuwa imeyeyuka kwa siku tatu, na katika duka zima palikuwa na kitambaa kimoja tu ambacho angeweza kukitoa kikiwa kizima. Akatia chaki, akakata.

Kitambaa kilikuwa kizito kuliko kilivyoonekana. Kila alipochora mstari, chaki ilizama na kupotea, ikabidi akate kwa macho. Alipoanza kushona, akasikia sauti ndogo ndani ya cherehani, kama maji yanayokwenda kwenye mfereji, na kila alipoondoa mguu kwenye kanyagio ile sauti iliendelea kidogo kabla ya kunyamaza. Akasema ni unyevu umeingia kwenye mashine. Akapaka mafuta, akaendelea.

Walikuwa na utaratibu wao wa siku zote. Mama alikata na kushona kwa mashine, Kijiti alishona vifungo kwa mkono, na mteja asipofika kujaribu nguo yake, Kijiti aliivaa yeye, mama akabana panapozidi kwa pini na kukadiria. "Wengine wananunua sanamu za dukani," fundi alipenda kusema, "mimi yangu nimeizaa." Wala hakuwahi kuona ubaya wa kumvisha mwanawe nguo za watu wasiojulikana.

Siku ya kwanza gauni lilimwanguka Kijiti mabegani, na mikono ikaning'inia mpaka kwenye magoti. Msichana akazunguka nalo akipunga ile mikono, akimwiga mwalimu mwenye mbuzi, mama yake akacheka mpaka akaketi. Siku ya pili mikono ilifika kwenye vidole.

"Limeruka," fundi akasema, akilivuta pindoni. "Kitambaa hiki kina tabia ya kuruka na kupungua kikikauka."

"Linanuka, mama."

"Linanuka nini?"

"Chuma chenye kutu. Na kitu kingine, sijui. Kama nyumba iliyofungwa muda mrefu." Kijiti alijinusa kwapa, akakunja uso. "Nivue?"

"Ngoja nimalizie pini."

Siku ya tatu gauni lilimkaa. Lilimkaa begani, kifuani, kiunoni, na mikono iliishia pale hasa inapotakiwa kuishia, kwenye kifundo cha mkono. Kilichobaki ni pindo tu. Fundi alikuwa na pini mdomoni, na furaha ya kazi nzuri ilikuwa imeanza kumpanda, alipokumbuka kwamba hakuwa amelipunguza popote. Akaitoa pini mdomoni. Akachukua futi shingoni na kumpima binti yake mkono, kutoka begani hadi kiganjani.

Ishirini na saba.

Akapima tena, polepole, kidole gumba kikiwa kimebana mwanzo wa futi. Mkono wa mwanawe aliujua. Tangu mtoto alipoacha kurefuka ulikuwa inchi ishirini na mbili, na kila sare ya shule aliishona kwa ishirini na mbili. Akapima bega, akapata kumi na nane badala ya kumi na nne. Akatazama chini, akaona kwamba nyayo za Kijiti, ambaye alikuwa hajatoka nje tangu asubuhi, zilikuwa zimekaa ndani ya dimbwi la maji, na dimbwi lile lilikuwa linakua.

"Vua hiyo nguo," akasema.

"Bado pindo."

"Nimesema vua, mwanangu."

"Malizia pindo, fundi," akasema msichana, na hakukuwa na utani ndani yake, wala Kijiti hakuwa amewahi kumwita mama yake fundi tangu aanze kusema.

Fundi hakupiga kelele. Alirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, akatoka, akafunga kwa nje, kisha akakimbia kwenye mvua iliyokuwa inaanza upya, amevaa ndara moja, hadi nyumba ya mkunga mstaafu nyuma ya kiwanda cha barafu, kwa sababu watu walimwendea mkunga yule kwa mambo ambayo zahanati huyaandikia vidonge vya usingizi.

Mkunga alikuwa anasugua matope kwenye godoro. Hakumkaribisha. "Wewe si ndiye uliyenibana kwapa kwenye gauni la harusi ya mdogo wangu? Nilikaa sherehe nzima mikono nimeibana, watu wakadhani nina jipu."

"Bibi, mwanangu."

Jinsi alivyolitamka ndiyo iliyomfanya mkunga aweke brashi chini. Akasikiliza yote, kitambaa kikavu, daftari, mikono. Akauliza jambo moja: "Pindo umeshona?"

"Bado."

"Basi twende. Huyo ni jini. Hawa wa baharini hawana kimo. Humo ndani ya maji hawana bega wala kiuno, ni ubaya mtupu unaozunguka. Dhoruba ikiwatupa juu wanahangaika, wanatafuta wa kuwakatia umbo. Wewe umemkatia kwa mkono wako, halafu ukamvisha mwanao kuona kama linakaa." Alikuwa anatembea huku anasema, bila huruma. "Hujamvisha binti yako gauni la mtu. Umemvisha mtu binti yako."

Fundi alilia njia nzima. Mkunga alimwacha alie, akampa masharti mlangoni, kwa sauti ya chini, huku sauti ya maji ikisikika ndani. Kila mshono uondolewe na mkono ulioutia. Si mwingine. Mkono mwingine ukigusa, kazi inafungwa moja kwa moja, na hakuna tena wa kuifungua.

Ilikuwa saa tisa alasiri lakini wingu lilikuwa limeufunika mji, na ndani ya duka palikuwa na mwanga wa kijivu tu. Cherehani ilikuwa inakwenda peke yake, bila uzi, sindano ikitoboa ubao. Kijiti alikuwa amesimama palepale alipoachwa, mrefu kuliko mlango wa kabati, na dimbwi lilikuwa limefika ukutani.

"Umeleta mzee wa kupokea watoto," akasema. "Mwambie huyu ameshazaliwa."

Mkunga akamshika miguu, akajilaza juu ya nyayo zake kwa uzito wote aliokuwa nao. Fundi akachukua wembe, akaanza kufumua ubavuni. Uzi ulipokatika, kitu kilipiga mayowe chini ya sakafu, si mdomoni mwa msichana, chini, na mkono mrefu ukamshika fundi nywele na kumgonga kichwa mezani, akainuka akaendelea, ubavu wa pili, kiunoni, bega la kushoto, damu ikimwingia jicho moja, huku lile jini likimsemesha kwa sauti za wateja wote aliowahi kuwashonea, mwalimu, aliyetema mate, waliokufa na kuzikwa na nguo zake, kila mmoja akimwambia ameharibu, ameharibu, ameharibu, na kwa kila mshono uliokatika bega lilirudi ndani kidogo, mkono ukapungua inchi, ukapungua nyingine, mpaka kiganja alichokuwa anapambana nacho kikawa kile kiganja chembamba cha mwanawe, na uso uliokuwa ukimtazama kutoka juu ukashuka mpaka nyuso zao zikakaa sawa.

Gauni lilikuwa vipande vinavyoning'inia. Kilicholishikilia mwilini ni safu ya vifungo mbele, na fundi akapeleka wembe kwenye kifungo cha chini, kisha akasimama hivyo, mkono hewani. Vifungo hakuvishona yeye.

"Bibi," akasema. "Vifungo ameshona mwenyewe."

Mkunga aliikaza mikono yake kwenye miguu ya msichana. "Basi mpe wembe."

Kuna mama gani anayempa wembe mtoto aliye katika hali ile? Alimpa. Akamshika usoni, akamwangalia ndani ya macho, na kwa kuwa hakujua maneno mengine akamwambia yale aliyomwambia kila siku tangu alipomfundisha kushika sindano, kwa sauti ile ile ya ukali ambayo msichana aliichukia: "Vifungo vimekaa upande. Fumua."

"Kila siku unaniambia hivyo," akasema Kijiti, na ilikuwa sauti yake. Akakata kifungo cha chini. Kikaanguka majini. Akakata cha pili, cha tatu. Fundi aliirudisha mikono yake nyuma ya mgongo na kuifungamanisha vidole, akimhesabia kimoyomoyo. Cha nne kilimchukua muda, cha tano alikikata akilia, cha sita aliangusha wembe mara mbili na kuupapasa majini kuutafuta, akikohoa maji ya chumvi, lakini alikuwa ni yeye, mwembamba, mwenye alama ya pasi juu ya kiwiko, mtoto wake, umbali wa mkono mmoja.

Kikabaki cha shingoni.

"Mama, siwezi. Mkono umekufa ganzi."

"Unaweza, mwanangu. Kimoja tu."

"Siuoni uzi. Kinanikaba." Wembe ulikuwa unapapasa ngozi ya koo, mstari mwembamba wa damu ukatokea, na mkono ule ukazidi kukosea, ukakata tena si uzi bali nyama, na msichana akaanza kutapatapa kama mtu anayezama, macho yamemtoka, akitazama mtu mmoja tu duniani. "Mama nisaidie. Mama. Mama yangu."

"Usiguse!" akafoka mkunga kutoka chini. "Fundi, hata akifa, usiguse!"

Aligusa. Hakuna anayejua kama aliamua au mkono ulikwenda wenyewe. Mikono ya nyuma ya mgongo ilikuwa mbele, mmoja umeshika kiganja cha mwanawe kuutuliza ule wembe, kama alivyokuwa akikishika zamani kumfundisha, na pamoja, kwa upole, wakaukata uzi.

Kifungo hakikuanguka. Kilikaa palepale, na cherehani ikanyamaza. Vipande vya gauni vikajirudia kimoja baada ya kingine, ubavu kwa ubavu, bega kwa bega, bila uzi na bila sauti, jinsi maji yanavyojifunga nyuma ya kilichozama. Pindo likajikunja lenyewe kuzunguka miguu. Dimbwi lote la sakafuni likaingia ndani yake, na sakafu ikabaki kavu. Fundi alikuwa bado ameshika kile kiganja, na kilirefuka ndani ya mkono wake mpaka hakuweza tena kukizungushia vidole.

Msichana alijitazama mikono, mmoja kisha mwingine. Akajinyoosha mabega.

"Asante, fundi," akasema. "Limenikaa."

Akamruka mkunga aliyekuwa bado chini, akafungua mlango, akatoka. Mvua ilikuwa imekatika, na jua la jioni limeipiga barabara ya chini, watu wote wako nje na mifagio na sufuria, wakikumba matope. Walimwona akipita katikati yao kwa gauni la kijani, na kwa mara ya kwanza wiki ile wakasahau chuki zao.

"Kijiti!" akaita fundi redio wa mtaa ule, ameegemea fagio lake. "Umekua, mtoto wewe! Nani kakushonea?"

Akageuka, akanyoosha mkono mrefu kuelekea dukani, akawaonyesha mlango.

"Mama," akasema. "Na anapokea kazi. Nitawaleta ndugu zangu."