Karatasi ya Usingizi ya Mdogo Wangu

Nina miaka arobaini na sita, ni mjane, na shule yangu iliishia darasa la nane. Nilikuwa nikifanya usafi katika hospitali moja ya kibinafsi huku Machakos, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Nitakayowaambia yananichukiza hata mimi mwenyewe... lakini ni ya kweli.

Mdogo wangu Mwende alikuwa nesi katika wodi niliyokuwa nikipiga deki. Tuliishi pamoja katika chumba cha kupanga, Mlolongo. Manesi wawili walipoacha kazi, hawakuletwa wengine. Mwende akawa anamaliza zamu moja, anaombwa abaki kwa nyingine. Siku moja nilimkuta amesinzia wima, mkono uko juu ya troli ya dawa.

"Mwende, utaanguka."

"Niache, Mama Mutua. Hata punda hulala akiwa amesimama," akanijibu akicheka.

Kisha wakaja watafiti na hojaji za kupima usingizi wa madaktari na manesi. Unalala kwa saa ngapi kwa siku? Umesinzia kazini mara ngapi? Jina halikuandikwa. Wakubwa wa hospitali waliahidi kwamba wodi itakayoonekana kuzidiwa ndiyo itakayoongezewa manesi kwanza. Kila mmoja alijaza karatasi yake, akaifunga ndani ya bahasha, nami nikatumwa kuzikusanya.

Sista msimamizi wa wodi aliniita kabla sijazifikisha. Akazifungua kwa mvuke wa birika la chai, moja baada ya nyingine, akasoma.

"Hawa wananiaibisha," akasema. "Wakubwa wataona sijui kupanga zamu."

Akatoa karatasi mpya sita za hojaji, akaniambia nizijaze mimi. Mwandiko wake ulijulikana ofisini, wangu haukujulikana. Akanikumbusha kwamba mimi ni kibarua tu, na barua ya kuniajiri inapitia kwake. Alinishika mkono? Hapana. Nilikaa kwenye kiti, nikashika kalamu.

Mwandiko wa Mwende niliutambua mara moja. Alisema analala saa tatu kwa siku. Chini aliongeza maneno yake: "Jumanne nilisahau kama nimemdunga mgonjwa sindano au bado. Naogopa."

Nikaandika kwamba analala saa saba kwa siku. Penye swali la kusinzia kazini nikatia alama kwenye "hapana". Kisha nikaichana karatasi yake vipande vidogo, pamoja na zile nyingine... mimi, niliyemlea tangu baba yetu afariki.

Majibu yalipotoka, wodi yetu ilionekana inalala vizuri kuliko zote. Manesi wapya wakapelekwa kwingine. Mwende hakuelewa.

"Mimi niliandika ukweli, Mama Mutua. Hata wewe ungeisoma karatasi yangu ungelia."

Niliinamisha kichwa, nikaendelea kupiga deki. Kuna uchafu gani unaozidi huo?

Wiki tatu baadaye, asubuhi, alitoka kazini baada ya zamu mbili mfululizo. Waliomwona wanasema aliingia barabarani polepole, kama mtu anayetembea ndotoni. Lori la mawe lilipiga honi. Hakugeuka... Habari zilinikuta nimeshika ndoo.

Tulimzika nyumbani, Ndithini. Sista msimamizi alisimama mbele ya waombolezaji, akajifuta macho, akasema Mwende hakuwahi kulalamika hata siku moja. Nilikwenda nyuma ya ghala la mahindi nikatapika. Nilitamani kusema ni yule mama aliyenitia kichefuchefu, lakini mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kalamu.

Barua ya ajira ilikuja mwezi uliofuata. Niliirudisha, nikaacha kazi ile, nikawatafuta watafiti nikawaeleza yote. Wakaniuliza karatasi za kwanza ziko wapi. Ningewapa nini?

Mwisho nilikwenda kwa mama yetu. Alikuwa akipepeta mbaazi. Nilimweleza polepole, bila kuficha hata alama moja. Hakunitukana. Aliweka ungo chini, akauliza, "Alisema anaogopa, na wewe ulisoma?"

Nikasema ndiyo. Akaingia ndani akafunga mlango. Tangu siku hiyo hajanisemesha.

Ndugu wasomaji, mtu akikukabidhi bahasha yake, ifikishe kama alivyoifunga. Usimjibie mwenzako kwamba ni mzima, hata kama mkate wako uko mkononi mwa anayekuamuru. Kazi nyingine nimepata, nafua nguo za watu... Mwende sitampata tena.