Rangi Mpya ya Gari la Mkunga

Kila asubuhi nyumba ile ilikuwa na kelele mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Brashi, akikoroga rangi ndani ya ndoo. Ya pili ilikuwa ya gari la mke wake, likikataa kuwaka. Mke wake alikuwa mkunga. Aliwatembelea kina mama nyumbani kwao. Gari alilirithi kwa baba yake, nalo lilikuwa na umri mkubwa kuliko yeye. Brashi alikuwa fundi rangi. Alipaka nyumba na kuandika mabango ya maduka. Jina lake halisi watu walishalisahau.

Brashi alimpenda sana mke wake. Shida yake ilikuwa wivu. Mkewe akicheka na muuza maziwa, Brashi hakunywa maziwa siku hiyo.

Sasa taa za kuonyesha kona, zile tunazoziita indiketa, zilikufa. Mkunga akamwita fundi umeme wa magari. Watu walimwita Taratibu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Alikuja jioni baada ya jioni. Mkunga alishika usukani, Taratibu alikaa kando yake na kipimo chake cha umeme, na Brashi aliwachungulia dirishani. Alisikia wakiongea, kisha wakicheka. Taratibu hakuwa na mke. Hilo Brashi alilijua vizuri.

Taa zikapona. Hapo ndipo balaa lilipoanza, maana mkunga alimwaga sifa. Taratibu ana mikono mizuri. Taratibu hana pupa. Taratibu anakueleza mpaka unaelewa. Sifa hizo zilitoka wakati wa chai, zikarudi wakati wa chakula. Brashi alitafuna huku roho ikimuuma. Yeye amepaka nyumba ile mara ngapi? Nani aliwahi kusema ana mikono mizuri?

Siku ya mapumziko ya mkewe, Brashi aliingia kazini. Alifungua taa za nyuma za gari akaziweka pembeni. Akapiga msasa, akapaka rangi ya bluu, tabaka juu ya tabaka. Alipaka hata mahali pa kukalia taa, ambapo jicho halifiki. Alipaka kwa hasira na kwa mapenzi. Rangi ilipokauka akazirudisha taa, na vichwa vya skrubu navyo akavipitishia brashi.

Mkunga alipotoka nje alishika mdomo. "Baba watoto, umelifanya jipya," alisema.

Brashi alivimba kichwa. Siku nzima hakuna aliyemtaja Taratibu.

Kesho yake mkunga alirudi na habari mbaya. Alikuwa anakata kona kulia. Mwendesha pikipiki aliyekuwa nyuma yake hakuona ishara yoyote. Alimkwepa dakika ya mwisho, akaanguka mtaroni. Kwa bahati aliinuka mzima, akamtukana na kuondoka. Mkunga na Brashi wakaziangalia taa pamoja. Indiketa ya nyuma ya kulia ilikuwa na mwanga hafifu, na haikuwaka na kuzima kama inavyotakiwa. Mkunga akikanyaga breki, taa zote za upande ule ziliwaka kwa pamoja, dhaifu kama zina usingizi.

Brashi hakuhitaji kufikiri. Alimwambia mkewe kwamba fundi ameacha kazi nusu makusudi ili aitwe tena. Mkunga alimwita hata hivyo, na Taratibu alipofika, alimkuta Brashi amesimama getini. Ng'ambo ya barabara muuza nyama na wateja wake walikuwa wametega masikio.

"Wewe hutengenezi magari," Brashi alimwambia. "Unatafuta wake za watu."

Taratibu aliweka mkoba wake chini. Aliinama nyuma ya gari, akapitisha kidole gumba kwenye rangi mpya kando ya taa. Akamtazama Brashi, kisha mkunga. Alisema gari lisitoke mpaka liangaliwe vizuri. Akabeba mkoba wake, akaenda zake. Mkunga aliona haya, akashindwa kuinua macho.

Brashi akasema atatengeneza mwenyewe. Akaingiza mikono chini ya dashibodi. Waya zilikuwa za zamani kama gari lenyewe. Ganda lake lilikuwa limekauka na lilivunjikavunjika vidoleni. Akavuta huku, akavuta kule. Waya mbili zilizobaki uchi zikagusana, cheche zikaruka, fyuzi ikaungua. Brashi hakuwa na fyuzi nyingine. Akachukua karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, akaikunja, akaipachika mahali pa fyuzi. Indiketa ya mbele ikawaka. Za nyuma hakuziangalia. Alikuwa na haraka ya kwenda kumwambia mkewe kwamba kazi imekwisha, tena bila msaada wa mtu.

Siku ileile mkunga aliitwa kwa mama mwenye uchungu. Katikati ya safari alisikia harufu ya kitu kinachoungua. Moshi ukatoka chini ya dashibodi. Alizima gari, akashika mfuko wake wa kazi, akaruka nje. Sehemu iliyobaki alikwenda mbio kwa miguu. Mtoto alizaliwa salama, lakini mkunga aliporudi nyumbani hakukaa chini. Aliweka ufunguo mezani.

"Moshi ulitoka miguuni kwangu," alisema. "Kwa sababu ya wivu wako. Mlete fundi wewe mwenyewe. Usipomleta, mimi nakwenda kwa dada yangu, na sijui kama nitarudi. Sikuolewa ili nilindwe kama duka."

Brashi alimjua mke wake. Alijua hatanii. Alikwenda karakana kwa Taratibu na kila hatua ilimchoma. Bado alimwonea wivu. Sasa alimwogopa pia, maana furaha ya nyumba yake ilikuwa mikononi mwa mtu yule.

Taratibu alifuta mikono, akaja, wakalivuta gari kutoka barabarani mpaka nyumbani. Kwanza alichomoa waya wa betri. Kisha akaitoa ile karatasi ya sigara, akamwonyesha Brashi.

"Fyuzi ni mlinzi," alisema. "Umeme ukizidi, yenyewe inaungua ili waya usiungue. Ukiweka karatasi, umemfukuza mlinzi. Utaungua waya, halafu gari, halafu mtu. Fyuzi ikiungua, tafuta kwanza kwa nini imeungua. Kisha weka fyuzi ya saizi ileile."

Waya zilizoungua na zilizokauka alizitoa zote. Alifunga mpya za unene unaofaa, na Brashi alimshikia tochi. Kazi ile ilimalizika siku ya pili. Ndipo wakaenda nyuma. Taratibu alipima. Balbu ilikuwa nzima. Umeme ulikuwa unafika mpaka kwenye taa. Bado taa ilikuwa na usingizi.

"Umeme ukienda lazima urudi," Taratibu alieleza. "Kwenye gari hili haurudi kwa waya. Unarudi kwa bati la gari mpaka kwenye betri. Taa hii inashika bati kwa skrubu hii. Na rangi haipitishi umeme."

Aliifungua taa. Chini yake palikuwa na rangi ya bluu, nene, nzuri, isiyo na doa. Brashi aliitambua kazi yake. Masikio yalimwaka moto. Taratibu akampa kipande cha msasa, akamwambia akwangue mahali pa skrubu tu, mpaka bati ling'ae. Brashi akakwangua. Taratibu akakaza skrubu, akapaka grisi kidogo kuzuia kutu. Mkunga akawasha indiketa. Ikawaka na kuzima, kali. Taa ya upande wa pili wakaifanya vivyo hivyo.

"Ulijua tangu siku ile?" Brashi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilijua. Skrubu zilikuwa za bluu."

"Mbona hukusema?"

"Mkeo aliponiita alikuwa anaisifu sana rangi yako. Niliona vibaya kukuvunja mbele yake, na mbele ya watu. Nilidhani gari halitatoka. Hapo nilikosea."



Wiki chache zilipita, na gari halikusumbua tena. Ndipo muuza nyama akaleta gari lake kuukuu. Alitaka bluu ileile. Brashi alimwambia alipeleke kwanza kwa fundi, waya zikaangaliwe. Akamweleza pia kwamba mahali pa skrubu za taa hatapaka, atapaziba kwa utepe wa karatasi. Muuza nyama akauliza ampelekee nani.

Mkunga alikuwa anapakia mfuko wake garini, anasikia kila neno. Wivu ukamchoma Brashi, uleule wa zamani.

"Mpelekee Taratibu," alisema.

Muuza nyama akacheka. "Yule anayetafuta wake za watu? Si maneno yako hayo?"

"Nilimsingizia," Brashi alisema, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara. "Rangi yangu ndiyo iliyozima zile taa. Fundi hakufanya kosa. Mimi nilikuwa na wivu."

Muuza nyama aliacha kucheka. Mkunga akafunga mlango wa gari, akateremsha kioo.

"Baba watoto," alimwita, "njoo uniangalizie taa za nyuma kabla sijatoka."

Brashi akaweka ndoo chini, akaenda.