Kapsuli za Mama Mkwe

Fundi cherehani alikuwa mwepesi wa mkono na mwepesi wa huruma. Nyumbani aliishi na mumewe mwashi, binti yao wa darasa la pili, na mama mkwe wake.

Mama mkwe alijikata mguu kwa kipande cha bati akifagia uani. Kidonda kikavimba, kikatunga usaha. Kwenye kituo cha afya walikisafisha, wakampa kapsuli za siku saba, moja kutwa mara tatu.

Siku ya tatu uvimbe ulianza kunywea. Siku hiyohiyo binti aliamka na mafua. Fundi akampa kapsuli mbili za bibi yake. Mwashi naye vidole vya miguu vilimwasha mno, kwa kushinda ndani ya viatu vya mpira. Fundi akafungua kapsuli nyingine, akamnyunyizia unga wake katikati ya vidole. Mama mkwe hakuona ubaya. Alisema yeye ameshapona, wenzake nao wapate.

Kesho yake fundi akawagawia tena vilevile. Siku ya tano dawa ziliisha. Siku ya nane mama mkwe alishindwa kusimama. Mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini na mwili unachemka. Mwashi alimbeba mgongoni hadi kituoni.

Nesi aliuliza dawa zilivyotumika. Fundi akaeleza yote, macho sakafuni.

"Nilidhani dawa ni dawa," alisema.

Nesi hakumfokea. Alivuta kiti, akakaa karibu naye.

"Vijidudu vya magonjwa si vya ukoo mmoja, dada. Bakteria ni kiumbe hai, mdogo hata jicho halimwoni. Anakula, anajigawa, wanakuwa wengi. Wapo wanaotusaidia tumboni. Waliomwingia mama kidondani ni wabaya, na kapsuli zile zilikuwa za kuwaua hao."

"Na mafua?"

"Mafua ni virusi. Kirusi ni mdogo zaidi, na hawezi kuongezeka mpaka aingie ndani ya chembe hai za mwili. Kapsuli hizi hazimgusi. Mafua ya kawaida mwili huyamaliza wenyewe. Vidole vya shemeji ni fangasi, jamaa wa ukungu unaoota kwenye mkate uliolala. Fangasi hupenda joto na unyevu, na ana dawa yake."

Fundi akaelewa. Dawa ilikuwa haijawafaa wawili wale, na mgonjwa mwenyewe ikampungukia. Bakteria waliobaki wakapata nafasi ya kuzaana.

Mama mkwe, aliyekuwa kitandani, alifumbua macho. "Kumbe vidole vya mwanangu ndivyo vilivyokula mguu wangu," alisema. Hata nesi alicheka.

Mama mkwe alilazwa siku nne, akichomwa sindano, kisha akarudi nyumbani na kapsuli mpya. Mafua ya binti yalikuwa yameshaisha yenyewe. Mwashi alipewa dawa ya kupaka. Akawa anakausha vidole kila aogapo, na kuanika viatu juani.

Siku ya mwisho ya dozi, mama mkwe aliitazama kapsuli mkononi mwa fundi.

"Kidonda kimefunga. Hii ya nini tena?"

"Ya kumalizia, mama."

Akaimeza.

Wiki iliyofuata alikwenda sokoni kwa miguu yake mwenyewe. Alipochelewa kurudi, fundi alimfuata. Alimkuta ameketi kando ya muuza vitunguu, akimweleza tofauti ya bakteria na kirusi.